Dakika Kumi au Siku Mbili: Kipokezi cha Mzio na Wachuma Pareto wa Makete

Huko Makete, mkoani Njombe, neno "aleji" limekuwa kapu la kila kitu. Mama wa Ipelele anayerudi jioni kutoka kuchuma pareto, midomo ikimchonyota, husema ana aleji. Kijana anayeamka na malengelenge mikononi siku mbili baada ya kuanika maua, naye ana aleji. Mtoto ambaye kifua kinamlia kama filimbi usiku wa Juni, moshi wa kuni umejaa ndani na sakitu imetanda nje, ana aleji pia. Na mrina asali aliyeumwa na nyuki mmoja tu, akavimba uso, akakosa pumzi na kuanguka njiani kabla hajaifikia zahanati, majirani zake watasema hivyohivyo: alikuwa na aleji. Watu wanne, neno moja, na mara nyingi dawa moja, vidonge vya piritoni kutoka duka la dawa.

Watu hawa hawaugui ugonjwa mmoja, na kuwachanganya kunaweza kumuua mmoja wao. Kinachowatenganisha ni protini iliyo juu ya seli fulani za miili yetu, ambayo umbo lake lilichapishwa kwa mara ya kwanza Desemba 1998. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila nikiisoma huona kwamba ina kitu cha kumfaa mtu wa kijijini ambaye hatasikia kamwe jina la waliolipiga picha umbo hilo. Dawa ghali zinazopigana na mzio kwa kupitia protini hiyo si dawa za zahanati. Lakini elimu ya protini hiyo haihitaji umeme wala maabara.

Tuanze na seli zenyewe. Zinaitwa seli masti, na zimejipanga mpakani mwa mwili, pale dunia ya nje inapotugusa: ndani ya ngozi, kwenye utando wa pua na macho, kwenye mirija ya hewa, kwenye ukuta wa utumbo. Kila moja imebeba vifuko vilivyosheheni histamini na vimeng'enya vikali. Vifuko hivyo vikipasuka kwenye ngozi, mtu huota vipele vya mwasho. Vikipasuka kwenye mirija ya hewa, kifua hubana. Vikipasuka mwili mzima kwa pamoja, mishipa ya damu hulegea, shinikizo hushuka, na mtu anaweza kufa kabla sufuria ya ugali haijaiva. Amri ya kuvipasua hutoka juu ya seli, kwenye kipokezi ambacho wanasayansi hukiandika FcεRI. Kazi yake ni kuishika kingamwili iitwayo IgE.

Kwamba kuna kitu cha namna hiyo ndani ya damu kulijulikana kabla hakijapata jina. Mwaka 1921, katika mji wa Breslau ambao leo ni Wrocław nchini Polandi, daktari Heinz Küstner alikuwa hawezi kula samaki. Mwenzake Carl Prausnitz alikula bila shida. Prausnitz alichukua maji ya damu ya Küstner, akajidunga kidogo kwenye ngozi yake mwenyewe, akalala. Kesho yake alijidunga hapohapo dondoo ya samaki, na baada ya dakika chache pakavimba na kuwasha kama ngozi ya rafiki yake. Mzio ulikuwa umehama kutoka mtu mmoja kwenda mwingine kwa sindano.

Msomaji autazame muda wa jaribio lile, maana hoja yote ya makala hii imesimama hapo. Tangu damu ya Küstner iingie ilipita siku moja, kisha jibu likaja kwa dakika. Kulikuwa na kutega, halafu kufyatuka.

Kitegaji chenyewe kilichukua miaka 45 zaidi kukamatwa. Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, walikieleza mwaka 1966. Nao Gunnar Johansson na Hans Bennich wa Uppsala, Sweden, wakakipata mwaka uliofuata kwa njia nyingine kabisa, katika damu ya mgonjwa wa saratani. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likakipa jina la immunoglobulini E, yaani IgE. Ndiyo kingamwili adimu kuliko zote tulizonazo: kwa mtu wa kawaida, kingamwili ya aina ya IgG iliyomo katika damu huizidi makumi ya maelfu ya mara. Uchache huo ulizaa swali. Kitu kidogo hivyo kinawezaje kumwangusha mtu mzima? Jibu lilipaswa kutafutwa kwenye kile kinachokishika.

Ili kuiona protini kwa undani wa atomu, njia kuu ya wakati huo ilikuwa kuigandisha iwe fuwele, kama chumvi au sukari, kisha kuipiga mionzi ya eksirei na kukokotoa umbo kutokana na jinsi mionzi inavyotawanyika. Fuwele ni mpangilio. Molekuli mabilioni kwa mabilioni lazima zisimame zikitazama upande mmoja. Kipokezi cha IgE hakikubali kupangwa kirahisi, kwa sababu kimevikwa minyororo ya sukari katika sehemu saba. Anayeijua biashara ya mbao Makambako atanielewa mara moja. Magogo yaliyokatwa matawi hupangika kwenye lori moja juu ya jingine, na yaliyoachwa na matawi yake huacha mapengo na kuteleza. Sukari zile ndizo matawi. Watafiti walikitengeneza kipande cha kipokezi ndani ya seli za wadudu, ambazo huvika protini sukari fupi zaidi, na fuwele zikapatikana.

Scott Garman na Theodore Jardetzky wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, pamoja na Jean-Pierre Kinet wa Harvard, walichapisha umbo hilo kwa uangavu wa angstromu 2.4. Angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Kipokezi kizima kina minyororo minne, alfa, beta na gama mbili. Alfa ndiyo inayochomoza nje na kuishika IgE, na zile nyingine hupeleka habari ndani ya seli. Picha ya 1998 ilikuwa ya sehemu ya alfa iliyo nje.

Walichokiona ni mafundo mawili ya protini yaliyokunjana kwa pembe kali, mfano wa kenchi ya paa. Juu kabisa, kwenye kilele cha kenchi, asidi amino nne za aina ya triptofani zimekaa wazi. Hapo ndipo mtaalamu angeshtuka. Triptofani ni nene na haipendi maji, na kwa desturi protini huificha tumboni mwake. Nne kuachwa juani namna ile ni ishara kwamba kuna mgeni anayesubiriwa.

Mgeni alionekana miaka miwili baadaye. Mwaka 2000 timu hiyohiyo, sasa ikiwa na Beth Wurzburg na Svetlana Tarchevskaya, ilichapisha katika jarida la Nature umbo la kipokezi kikiwa kimeishika sehemu ya chini ya IgE. Sehemu hiyo ina minyororo miwili inayofanana, na watu wangeweza kudhani kwamba kila mnyororo utashika kipokezi chake. Haikuwa hivyo. Kipokezi kimoja huingia katikati na kugusa minyororo yote miwili, kila mmoja mahali tofauti. Katika mguso mmoja, prolini ya namba 426 ya IgE hubanwa kati ya triptofani ya 87 na ya 110, kama ubao uliobanwa kwenye jiriwa. Kikishakaa hivyo, cha pili hakina pa kuingia. IgE moja, kipokezi kimoja.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayotuwezesha kuishi. Seli masti hufyatuka vipokezi vyake vinapovutwa pamoja. Kama IgE moja ingeweza kushika viwili, ingevivuta pamoja yenyewe, na kila mwenye IgE angekuwa katika shambulio la kudumu bila nyuki wala karanga. Kwa kuwa inashika kimoja tu, hukaa kimya ikisubiri. Kinachotua na kugusa IgE mbili au zaidi kwa wakati mmoja, iwe sumu ya nyuki au chavua ya nyasi, ndicho kinachounganisha vipokezi na kutoa amri.

Migusano ile miwili inaeleza pia ung'ang'anizi wake. IgE inayoelea katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya siku mbili hivi, lakini iliyoshikwa na kipokezi hudumu majuma. Mwaka 2002 timu ya Brian Sutton wa King's College London ilionyesha kwamba IgE yenyewe imepinda mno, imejikunja juu yake, na utafiti uliofuata ulihusisha mabadiliko ya umbo lake na ugumu wa kuachana na kipokezi. Mtego ukishategwa, umetegwa.

Sasa turudi kwa watu wetu wanne.

Mama wa midomo inayochonyota hajafyatua seli masti yoyote. Ua la pareto lina pairethrini, sumu ileile inayoua mbu na ambayo ndiyo sababu maua husafirishwa hadi kiwandani Mafinga. Pairethrini hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu, na ikigusa ngozi laini ya binadamu huisumbua mishipa hiyo kidogo, hivyo mtu huhisi kuchonyota na ganzi. Huo si mzio. Yeyote atakayeshika vya kutosha atahisi. Anachohitaji mama huyu ni kitambaa cha kufunika uso, maji na sabuni. Piritoni itampa usingizi tu.

Kijana wa malengelenge ana mzio wa kweli, lakini si wa mlango huu wa IgE. Pareto ni ya ukoo wa alizeti, na mimea mingi ya ukoo huo ina kemikali ziitwazo laktoni ambazo hupenya ngozi na kuamsha seli T za kinga. Seli T hazikai mpakani zikiwa zimetegwa. Lazima ziitwe, zifike, ziongezeke, ndiyo maana ngozi huchubuka baada ya siku moja, mbili au zaidi. IgE na kipokezi chake havimo, wala histamini si mkosaji mkuu. Ndiyo sababu piritoni, ambayo huzuia histamini, humpunguzia mwasho kidogo na kuuacha ugonjwa palepale. Yeye anahitaji kuliepuka ua lenyewe, na mafuta ya steroidi kwa ushauri wa tabibu. Kuna pia wachuma pareto wachache wenye mzio wa IgE hasa, wanaopiga chafya na kubanwa kifua mara tu wakianza kazi. Hao wapo, na ni kundi la tatu katika shamba lilelile.

Hapa niseme neno kuhusu mipaini. Msimu ule vumbi la njano linapofunika mabati ya Njombe yote, watu huilaumu miti. Chavua ya mpaini inaonekana kwa macho kwa sababu ni punje kubwa na nyingi, lakini ni miongoni mwa chavua zisizoleta mzio sana. Nyasi zinazotoa chavua nyepesi isiyoonekana, kuvu ya kwenye kuta zenye unyevu, na wadudu wadogo mno wanaoishi kwenye magodoro na mablanketi, ndio wa kutiliwa shaka kwanza.

Mtoto wa kifua kinacholia ni mgumu kuliko wote. Huenda ana pumu, na pumu ya watoto mara nyingi hupitia IgE. Huenda mapafu yake yanachokozwa tu na moshi na hewa ya baridi. Mara nyingi ni vyote kwa pamoja, maana mirija iliyovimba kwa mzio huvumilia moshi kidogo kuliko mirija mizima. Kumwambia mama yake "ni aleji" na kuishia hapo ni kumnyima mambo mawili: jiko lenye bomba la kutolea moshi, na dawa ya kuvuta ya steroidi inayotuliza uvimbe wa mirija, si ile ya kuipanua kwa saa chache tu.

Lakini kwa nini binadamu abebe mtego wa hatari namna hii? Jibu linalokubaliwa na wengi ni minyoo, na Afrika Mashariki ndiyo imelitolea ushahidi mzito. Nchini Kenya, utafiti wa David Dunne na wenzake uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba watu waliotibiwa kichocho na kubaki na IgE nyingi dhidi ya minyoo mikubwa ya ugonjwa huo waliambukizwa tena kidogo kuliko wenzao. Kingamwili tunayoilaani mjini ilikuwa inalinda watu mtoni.

Kutokana na hapo likazaliwa wazo lililovuma sana: minyoo ikitoweka, mtego unabaki bila kazi na kuanza kukamata chavua na karanga. Takwimu za mji na kijiji zililipa nguvu. Mwaka uleule wa 1998 fuwele ilipochapishwa, Lucy Ng'ang'a na wenzake walitoa matokeo ya kuwakimbiza watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a na kupima pumzi zao: mirija ilibana kwa asilimia 22.9 ya watoto wa mjini na asilimia 13.2 ya wa kijijini. Tofauti ipo. Sababu yake ndiyo yenye mabishano.

Wengine walidhani jibu ni la viti. IgE ya minyoo hujaza vipokezi vyote, basi IgE ya chavua haina pa kukaa. Wazo hili linapendeza, hasa tukikumbuka hesabu ya moja kwa kipokezi kimoja, lakini mimi silikubali. IgE ikiongezeka katika damu, seli masti huongeza vipokezi juu yake, maana kipokezi kilichoshika IgE hakiondolewi upesi. Wageni wakiongezeka, viti navyo vinaongezwa. Nauona uzito zaidi katika maelezo kwamba minyoo huufundisha mwili utulivu, kwa kuamsha seli zinazopooza kinga ili yenyewe iendelee kuishi.

Uganda ililipima jambo hili kwa namna inayostahili heshima. Kuanzia mwaka 2003, huko Entebbe, wajawazito 2,507 waligawanywa kwa bahati nasibu kupata dawa za minyoo au vidonge visivyo na dawa. Watoto wa waliopewa albendazoli walipata ukurutu zaidi utotoni, kama Harriet Mpairwe, Alison Elliott na wenzao walivyoripoti mwaka 2011. Wengi walidhani suala limeisha. Kisha ukaja utafiti wa visiwa vya Koome, Ziwa Viktoria, katika vijiji 26 kati ya 2012 na 2016. Baadhi ya vijiji vilipewa dawa za minyoo mara nyingi zaidi kuliko kawaida kwa miaka mitatu. Mzio haukuongezeka, wala vifua havikulia zaidi.

Nikiziweka tafiti hizi mbili pamoja, naona kwamba umri ndio wenye kauli. Kinachoufundisha mwili utulivu hufanya kazi tumboni mwa mama na katika miaka ya kwanza, na kumnywesha dawa mwanafunzi wa darasa la nne hakufuti somo hilo. Kwa hiyo mzazi wa Ipelele asikubali kamwe kuambiwa kwamba dawa za minyoo za shuleni zitamletea mtoto pumu. Minyoo inamnyonya damu leo hii.

Kuna funzo jingine kutoka Ghana. Watoto wengi huko wana IgE inayotambua karanga katika kipimo cha damu, nao hula karanga kila siku bila kuwashwa. IgE hiyo ilizaliwa na minyoo, hutambua sukari zinazofanana na za karanga, na haina nguvu ya kufyatua mtego. Anayesafiri hadi mji mkubwa kupimwa "aleji zote" kwa damu, akarudi na orodha ya vyakula ishirini vya kuacha, afikirie hilo kabla hajamnyima mtoto maharage.

Kuhusu dawa mpya nitasema kwa ufupi. Omalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa pumu na mwaka 2024 kwa mzio wa vyakula, huikamata IgE ikiwa bado inaelea, mahali palepale ambapo kipokezi kingeishika. Iliyokwisha kushikwa haiiwezi, hivyo nafuu huchukua majuma. Mwaka 2012 Jardetzky na wenzake walionyesha katika maabara kwamba protini ndogo iliyobuniwa makusudi inaweza kuing'oa IgE kutoka kwenye kipokezi, na hiyo ni njia yenye matumaini. Lakini dozi ya omalizumabu hupangwa kwa uzito wa mtu na wingi wa IgE yake, na jedwali la dozi lina kikomo. Mtu aliyelelewa na minyoo anaweza kukivuka kikomo hicho mara kadhaa. Dawa hiyo ilipangwa kwa damu ya watu wa kwingine.

Kilichobaki ni saa ya ukutani. Tabibu wa zahanati anaweza kumuuliza kila mgonjwa wa "aleji": tangu ushike, ule, uchomwe sindano au uumwe, ilipita muda gani? Dakika chache hadi nusu saa, na vipele vya kuhama mwilini au kubanwa kifua, mlango ni wa IgE. Siku mbili, na ngozi iliyochubuka palipoguswa, ni seli T. Kuchonyota kunakoisha baada ya kunawa, ni sumu ya ua. Uvimbe unaweza kurudi saa chache baada ya shambulio la kwanza kupoa, kwa hiyo aliyenusurika asiruhusiwe kwenda nyumbani mara moja.

Na mrina asali, yule wa nne, hana muda wa kuulizwa mengi. Piritoni haitamfikia kwa wakati, wala haiinui shinikizo la damu lililoshuka. Alazwe chali, miguu iinuliwe, na kama pumzi inamsumbua aachwe akae. Achomwe adrenalini kwenye msuli wa paja, nusu miligramu kwa mtu mzima, irudiwe baada ya dakika tano kama hajapata nafuu. Ni kichupa kidogo cha kioo, bei yake si kubwa, na kinapaswa kuwa kwenye trei iliyo karibu na mkono, palepale zinapochomwa sindano za penisilini, si ndani ya kabati ambalo ufunguo wake amekwenda nao mtu Tandala.